Kutoka Ajira ya Kudumu Kwenda Kazi ya Mkataba: Nani Anabeba Nini

Mkataba unaokulipa mara moja na nusu ya mshahara wako wa sasa unaweza kukuacha na kipato kidogo kuliko unachopata leo. Wengi hawaligundui hilo mpaka mwaka uishe. Kiasi kilichoandikwa kwenye ofa ni kikubwa na kinaonekana kwa macho, ilhali vitu vinavyoondoka pamoja na ajira havikuwahi kuorodheshwa mahali pamoja. Likizo yenye malipo, mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, bima ya afya, siku za kuugua, kompyuta na programu zake, mhasibu anayekata kodi na kuipeleka inakotakiwa, notisi kabla ya kuachishwa: vyote hivyo vilikuwa sehemu ya malipo yako, na siku unapotoka vinabaki kwa mwajiri.

Siandiki haya kumkatisha mtu tamaa. Kazi ya mkataba imewapa watu wengi nafasi ya kuchagua kazi na wakati, na wapo wanaopata humo kipato ambacho ajira isingewapa kamwe. Ninachotaka kieleweke ni kwamba anayehama habadilishi namna ya kulipwa tu. Anachukua mzigo uliokuwa mabegani mwa mwajiri, na bei anayoitaja lazima ilipie mzigo huo.

Kwanza, ni mkataba wa aina gani?

Mwajiri anapokuambia kwamba utahamishiwa kwenye mkataba, anaweza kuwa anazungumzia jambo moja kati ya mawili yaliyo mbali sana. La kwanza ni ajira ya muda maalumu. Hapo bado wewe ni mwajiriwa: kodi inakatwa kwenye mshahara, michango inapelekwa, likizo unayo. Kilichoondoka ni uhakika wa kuendelea baada ya tarehe iliyoandikwa. Kwa kuwa mpango huu ni rahisi kutumiwa vibaya, sheria za nchi nyingi huuwekea mipaka. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1999, kwa mfano, linazitaka nchi wanachama ziwazuie waajiri kumfunga mtu kwa mikataba mifupi inayofuatana bila mwisho.

La pili ni mkataba wa kutoa huduma. Hapo mbele ya sheria wewe ni mfanyabiashara, na aliyekuwa bosi anakuwa mteja. Unaandika ankara, unalipwa kiasi kizima, halafu kodi, bima, pensheni na siku za homa ni juu yako. Upo pia mpango wa katikati ambapo wakala anakuajiri na kukupeleka kwa mteja, na kipande cha malipo kinabaki kwake.

Ukitaka kujua haraka unapewa kipi, uliza nani atawasilisha kodi na michango yako. Jibu likiwa ni wewe mwenyewe, basi ni mkataba wa huduma, hata kama barua yenyewe imejaa maneno ya ajira. Sehemu kubwa ya makala hii inahusu mkataba huo, kwa sababu ndio unaobadilisha mambo mengi kwa mkupuo mmoja.

Hesabu ya bei ya siku

Tuchukue mshahara wa 100 kwa mwezi, kwa sarafu yoyote upendayo. Kwa mwaka ni 1,200. Mwaka una takriban siku 260 za Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo anayegawanya kijuujuu atasema siku yake moja ina thamani ya 4.6. Mteja anakuja na 6.9 kwa siku, yaani mara moja na nusu, na inaonekana neema imeshuka.

Sasa tuingize vilivyofichika. Tuseme mwajiri alikuwa anakuchangia pensheni na bima ya afya kwa kiasi cha 180 kwa mwaka, na vifaa pamoja na mafunzo vilimgharimu 60. Wewe utaongeza gharama mpya ambazo hukuwa nazo, kama vile mhasibu na bima ya madai ya kitaaluma (inayokulinda mteja akikudai kwa kosa la kazi), tuseme 60 nyingine. Ili ubaki pale pale ulipo, mwaka wako unahitaji kuingiza 1,500 badala ya 1,200.

Kisha tuziangalie siku. Kutoka 260 ondoa 20 za likizo, 10 za sikukuu na 5 za kuugua. Zinabaki 225. Mwajiriwa analipwa siku hizo zote 35 zilizoondoka; wewe hulipwi hata moja. Bado kuna siku za kutafuta kazi, kuandika mapendekezo, kukutana na wateja wasiokuja kununua, kufuatilia ankara, na pengo kati ya mkataba mmoja na mwingine. Kwa anayeanza, siku 45 kwa mwaka si nyingi. Zinabaki 180 zinazolipwa.

Gawanya 1,500 kwa 180 upate 8.3. Hiyo ndiyo bei ya kubaki ulipo, na ni karibu mara 1.8 ya ile 4.6. Ukikubali 6.9, siku 180 zitakuletea takriban 1,242; toa zile gharama 300, na umebaki na 942. Kwa mwezi ni kama 78 au 79, badala ya 100. Ofa iliyoonekana kuwa nyongeza ya nusu imekupunguzia kipato kwa zaidi ya moja ya tano.

Namba za gharama nimezipanga kwa ajili ya mfano. Zako zitakuwa tofauti, na unapaswa kuzitafuta moja moja. Lakini tazama kinachotokea tukibadilisha siku peke yake. Mteja akikuhakikishia kwa maandishi siku 220 za malipo katika mwaka, 1,500 gawanya kwa 220 ni 6.8, na ile ofa ya 6.9 inatosha kwa tabu. Ofa ni ile ile na mtu ni yule yule, ila jibu limegeuka. Ndiyo maana naamini swali la siku ngapi zitalipwa lina uzito kuliko swali la bei, na linastahili kuulizwa kabla ya kuanza kuvutana juu ya bei. Ofa kubwa ya miezi mitatu inaweza kuwa mbaya kuliko ofa ya wastani ya miezi kumi na miwili.

Na hesabu hii inakurudisha pale pale tu. Haijakulipa chochote kwa hatari uliyoichukua, wala kwa kuwa mteja anaweza kukuacha kwa notisi ya wiki mbili. Mteja analijua hilo. Mashirika mengi huchukua watu wa mkataba kwa sababu ni rahisi kuwapunguza kazi ikipungua, na wepesi huo una thamani kwao. Kuudai ulipiwe si uchoyo.

Kama kazi yako inapimika kwa matokeo kuliko kwa saa, kutoza kwa mradi mzima kunaweza kukufaa zaidi, mradi upeo wa kazi uwe umeandikwa vizuri. Bei ya siku itakusaidia hata hapo, kwa kuwa ndiyo unayoitumia kukadiria chini kabisa unapoweza kushuka.

Fedha zinapoingia, na zinapochelewa

Mwajiriwa haioni kodi yake. Inakatwa kabla mshahara haujafika. Mwenye mkataba anapokea kiasi kizima na kukiona chote kuwa chake, na hapa ndipo watu wengi waangalifu huumia. Nchini Marekani mfano uko wazi kuliko kwingine: mwajiriwa hukatwa asilimia 7.65 ya mshahara kwa ajili ya pensheni ya taifa na bima ya afya ya wazee, na mwajiri huongeza asilimia 7.65 nyingine. Anayejiajiri hubeba pande zote mbili, asilimia 15.3, kisha ndipo ije kodi ya mapato, ambayo kwa kawaida hutakiwa kuilipa kwa makadirio mara nne kwa mwaka. Kila nchi ina viwango na ratiba yake, ila muundo huu wa kubeba sehemu ya mwajiri pamoja na ya mwajiriwa unajitokeza kwingi.

Dawa yake ni akaunti ya pili. Siku malipo yanapoingia, sehemu ya kodi na michango ihamie huko kabla hujalipa chochote kingine, na isiguswe. Mahali ambapo mteja hukata kodi ya zuio, yaani kodi anayoizuia kwenye malipo yako na kuipeleka serikalini, dai hati ya makato kila mara; bila hati unaweza kulipa kodi hiyo hiyo mara mbili. Na kama mauzo yako yanaweza kuvuka kiwango cha kusajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, andika kwenye ofa kwamba bei haijajumuisha kodi hiyo. Kusahau sentensi hiyo kunaweza kukata sehemu nono ya faida.

Upande wa kuchelewa ni mgumu zaidi. Ukianza kazi tarehe mosi, ukapeleka ankara mwisho wa mwezi, na mteja akalipa baada ya siku 30 kama mkataba unavyosema, kazi ya siku ya kwanza imelipwa baada ya miezi miwili. Hapo hakuna aliyekosea. Akichelewa mwezi mmoja ni mitatu. Kwa sababu hiyo, akiba ya matumizi ya miezi mitatu naiona kuwa kiwango cha chini kabisa cha kuanzia, na kwa mwenye watoto au mkopo wa nyumba ningesema sita. Atakayekuambia uanze na imani tu hatakuwepo siku ada ya shule inapodaiwa.

Baadhi ya serikali zimeingilia kati. Uingereza ina sheria ya mwaka 1998 inayomruhusu mdai wa kibiashara kutoza riba ya asilimia 8 juu ya kiwango cha msingi cha Benki Kuu kwa malipo yaliyochelewa. Jiji la New York, tangu mwaka 2017, linataka kazi ya kujitegemea yenye thamani ya dola 800 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na malipo yafanyike ndani ya siku 30 baada ya kazi kukamilika kama mkataba hautaji tarehe. Angalia kama mahali ulipo pana kinga ya namna hiyo. Iwepo au isiwepo, andika kwenye mkataba wako tarehe ya malipo, riba ya kuchelewa, na haki ya kusimamisha kazi ankara inapopitiliza muda. Malipo ya awali nayo si jambo la kuona haya kuliomba kwa mteja mgeni.

Karatasi inasema hivi, kazi inasema vile

Fundo hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalopuuzwa zaidi. Mkataba unaweza kukuita mtoa huduma huru, lakini ukaendelea kukaa kwenye kiti kile kile, chini ya msimamizi yule yule, saa zile zile, ukiomba ruhusa kwenda kliniki. Je, wewe ni nani?

Jibu linalotolewa na mahakama za nchi nyingi ni kwamba hali halisi ina nguvu kuliko karatasi. Shirika la Kazi Duniani liliweka msimamo huo katika Pendekezo Namba 198 la mwaka 2006: kuwepo kwa ajira kuamuliwe hasa kwa kuangalia jinsi kazi inavyofanywa na kulipwa, bila kujali pande mbili zimeupa mpango wao jina gani. Maswali yanayoulizwa hufanana. Nani anaamua saa na namna ya kufanya kazi? Vifaa ni vya nani? Unaweza kumtuma mtu mwingine afanye badala yako? Una wateja wengine? Nani anapata hasara kazi ikiharibika?

Microsoft ilijifunza hili kwa gharama kubwa. Miaka ya 1980 ilikuwa na wafanyakazi waliosaini kwamba ni wakandarasi huru na kwamba mafao yao watajitafutia wenyewe, huku wakifanya kazi bega kwa bega na waajiriwa, kwenye ofisi zile zile. Mamlaka ya kodi ya Marekani ilipochunguza, ikasema hao ni waajiriwa. Wafanyakazi wakafungua kesi mwaka 1992 wakidai mafao waliyonyimwa, ukiwemo mpango wa kununua hisa kwa bei nafuu, na mwaka 2000 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 97 kuimaliza. Saini zao kwenye mikataba hazikuwafungia mlango. Mwaka 2021 Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza ilifuata njia inayofanana na hiyo ilipoamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi walistahili kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo, licha ya maneno ya mkataba.

Msomaji anaweza kudhani hili ni tatizo la makampuni peke yake. Hapana. Hadhi ikipindishwa, wewe unapoteza pande zote mbili: huna ulinzi wa mwajiriwa, na huna uhuru wa mfanyabiashara. Tena mamlaka ya kodi inaweza kukujia wewe. Uingereza ilianzisha mwaka 2000 kanuni zinazojulikana kama IR35 dhidi ya watu waliosajili kampuni zao binafsi huku wakifanya kazi kama waajiriwa. Kwa miaka mingi kampuni ya mfanyakazi ndiyo iliyopaswa kujitathmini, na deni la kodi lilipozuka ndiyo iliyodaiwa. Jukumu hilo lilihamia kwa wateja wa sekta ya umma mwaka 2017, kisha kwa makampuni ya kati na makubwa mwaka 2021.

Hispania imekwenda njia nyingine inayonivutia. Sheria yake ya mwaka 2007 inamtambua mtu anayejiajiri ambaye angalau asilimia 75 ya kipato chake inatoka kwa mteja mmoja, na kumpa kinga kadhaa, ikiwemo haki ya mapumziko ya mwaka na fidia mkataba ukivunjwa isivyo halali. Huko sheria imekiri kwamba mtu anaweza kuwa si mwajiriwa na bado asiwe huru kwa maana kamili. Hata kama nchi yako haina kitu kama hicho, kile kipimo cha asilimia 75 kinakufaa wewe binafsi. Kipato chako kikivuka hapo kwa mteja mmoja kwa muda mrefu, unabeba hatari za biashara bila kuwa na biashara, na ni wakati wa kutafuta mteja wa pili hata kwa siku moja ya wiki.

Hali ya hatari zaidi ni ya mwajiriwa anayeambiwa ajiuzulu Ijumaa na kurudi Jumatatu kama mtoa huduma, kwa kazi ile ile. Ukiletewa pendekezo hilo, usisaini siku hiyo. Uliza haki zako za kupunguzwa kazi zitakwenda wapi, kwa kuwa anayejiuzulu mwenyewe mara nyingi hupoteza malipo ambayo angelipwa kama angeachishwa. Mpelekee mwanasheria wa kazi au chama cha wafanyakazi kabla ya kujibu.

Vifungu vya kusoma mara mbili

Upeo wa kazi uandikwe kwa mambo yanayoweza kuhesabika, na hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi uliyopewa, ziseme pia kisichokuwemo. Bila hivyo, kila ombi dogo la mteja litageuka kuwa sehemu ya bei ile ile. Kifungu cha kusitisha kinatakiwa kuwa na notisi inayolingana pande zote mbili, na kiseme kazi iliyokwisha kufanyika italipwa vipi. Kifungu cha fidia, kile kinachokutaka umlipe mteja hasara zote bila kikomo, kiombee kikomo: thamani ya mkataba ni kiasi kinachokubalika mara nyingi. Kifungu cha kukuzuia kufanya kazi kwa washindani wa mteja kinaua biashara ya mtu mwenye mteja mmoja. Kipunguze au kikatae.

Haki za kazi uliyoibuni zinahitaji maneno zaidi. Kwa kawaida, anachobuni mwajiriwa katika kazi yake ni mali ya mwajiri. Kwa mtoa huduma huru, katika nchi nyingi haki hubaki kwake mpaka azihamishe kwa maandishi. Mwaka 1989 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilisikiliza mgogoro kati ya mchongaji James Earl Reid na asasi iliyomwagiza sanamu bila kuandikiana chochote kuhusu hakimiliki. Mahakama ilitazama kwamba Reid alitumia vifaa vyake, katika karakana yake, kwa muda mfupi, na asasi haikuwa na uwezo wa kumpangia kazi nyingine. Ikaamua kwamba hakuwa mwajiriwa wake, kwa hiyo asasi isingeweza kudai umiliki kwa hoja ya ajira. Ndiyo maana mikataba ya leo karibu yote ina aya ya kuhamisha haki. Isome, na uombe uhamisho utokee baada ya malipo kukamilika. Sharti hilo moja linakupa nguvu dhidi ya mteja asiyelipa kuliko barua kumi za kumkumbusha.

Kabla ya kuandika barua ya kujiuzulu

Yapo mambo yaliyo rahisi ukiwa na hati ya mshahara na magumu ukiwa huna. Benki nyingi humtaka anayejiajiri alete hesabu za mwaka mmoja, miwili au zaidi kabla ya kumkopesha, kwa hiyo kama ulikuwa na mpango wa mkopo wa nyumba, zungumza na benki sasa. Nunua bima ya afya yako kabla ile ya kazini haijakoma, maana pengo la mwezi mmoja linaweza kukunyima kinga kwa maradhi uliyokwisha kuwa nayo. Uliza mfuko wa hifadhi ya jamii kama unaweza kuendelea kuchangia kwa hiari. Tumia likizo iliyobaki au dai ilipwe. Kisha soma upya mkataba wako wa ajira: unaweza kuwa na kifungu cha kukukataza kuwachukua wateja wa mwajiri, au kufanya kazi ya pembeni ungali umeajiriwa.

Hilo la mwisho likiruhusu, jaribu soko kwanza. Ankara moja iliyolipwa na mteja ambaye hakukujua kabla ina taarifa nyingi kuliko ahadi za marafiki kumi wanaosema watakupa kazi ukitoka. Inakuonyesha bei ambayo mgeni yuko tayari kuilipa, na inakuonyesha muda kutoka salamu ya kwanza hadi fedha mkononi. Muda huo, ukiulinganisha na miezi ya akiba uliyonayo, ndio utakaokuambia kama uandike barua mwezi huu au usubiri.

Kuna wanaopaswa kusubiri hata kama hesabu inawakubalia. Aliye mwanzoni mwa taaluma bado anahitaji watu wa kumsahihisha, na wateja hununua ujuzi uliokomaa. Ni wachache watakaolipia wewe ujifunze. Anayepata matibabu ya muda mrefu kupitia bima ya mwajiri, au aliyebakiza muda mfupi kufikia sifa ya pensheni au kiinua mgongo, anaweza kupoteza kwa tarehe moja kile ambacho bei nzuri ya siku haitakirudisha kwa miaka. Kwao, jambo la kuomba sasa hivi kwa mwajiri linaweza kuwa siku pungufu za kazi au ratiba inayolegea, ajira ikibaki palepale.